Ibn Sina na Uzito wa Mbegu



Kila Ijumaa baada ya swala, nje ya misikiti mingi ya mjini, utakuta meza zimepangwa chupa na vifurushi: habasoda, asali, shubiri, unga wa majani, mizizi iliyokatwakatwa, mafuta ya kila rangi. Wengi wetu ni wateja. Yuko anayetafuta nguvu za kusoma usiku wakati wa mitihani, yuko anayetaka kusafisha damu, yuko anayetaka kupungua mwili kabla ya harusi, na yuko mwenye vidonda vya tumbo aliyechoka na vidonge vya hospitali. Kutafuta tiba si kosa. Dini yetu imetuhimiza tujitibu.

Tatizo hujitokeza siku mambo yanapoharibika. Mwanafunzi anafika hospitali macho yakiwa ya manjano, mkojo rangi ya chai ya rangi, tumbo limejaa upande wa kulia chini ya mbavu. Daktari anamuuliza anatumia dawa gani. Anajibu kwamba hatumii dawa yoyote. Hakusudii kusema uongo. Moyoni mwake yale majani anayochemsha kila asubuhi kwa miezi mitatu si dawa, ni vitu vya asili tu, tena vingine amevisikia vikisifiwa kuwa ni tiba ya Kiislamu.

Katika toleo hili nimeona tusome maisha ya mtu ambaye jibu hilo lingemshangaza sana. Jina lake tunalijua sote, limeandikwa kwenye milango ya shule, zahanati na maduka ya dawa ya Waislamu dunia nzima. Lakini wengi wetu tunalijua jina tu.

Mtoto wa Bukhara

Abu Ali al-Husayn ibn Abdallah ibn Sina alizaliwa mwaka 980 miladia, sawa na 370 Hijria, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo uko Uzbekistan. Baba yake alitoka Balkh, katika Afghanistan ya leo, akahamia Bukhara zama za Amiri Nuh ibn Mansur wa ukoo wa Wasamani, akapewa kusimamia kijiji kimoja. Mama yake aliitwa Sitara. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Mahmud, ambaye tutakutana naye tena mbele.

Habari zake nyingi tunazipata kwake mwenyewe. Alimsimulia mwanafunzi wake, Abu Ubayd al-Juzjani, maisha yake ya ujana, na al-Juzjani akaandika yaliyobaki kwa kuwa alikuwa naye kwa karibu miaka 25. Kwa hiyo haya si hekaya za mitaani. Ni maneno ya mtu aliyekula naye, aliyesafiri naye na aliyemwona akiugua.

Alipofika miaka kumi alikuwa amekwisha kuhifadhi Qur'ani na kusoma vitabu vingi vya lugha. Baba yake alimpeleka kwa muuza mboga mmoja aliyejua hesabu za Kihindi, akajifunza hapo. Tafakari hilo kidogo: mtoto wa mtumishi wa serikali anakaa kwenye genge la mboga ili afundishwe hesabu, kwa sababu elimu iko pale. Fiqhi aliisoma kwa mcha Mungu mmoja aliyeitwa Ismail az-Zahid. Kisha akaletewa mwalimu wa mantiki, an-Natili, aliyepangishwa nyumbani kwao. Haukupita muda mrefu mwanafunzi akawa anamfafanulia mwalimu.

Udaktari alijisomea mwenyewe, na hakuuona kuwa elimu ngumu. Akiwa na umri wa miaka 16 matabibu waliomzidi umri walikuwa wanasoma kwake. Lakini hakutosheka na vitabu. Alianza kuwatembelea wagonjwa, na akakiri kwamba vitandani mwa wagonjwa alijifunza njia za tiba ambazo haziwezi kuelezwa kwa kalamu. Ndugu zetu mnaosomea udaktari na uuguzi mtalielewa hili vizuri kuliko mimi.

Alikutana na ugumu pia. Kitabu cha Aristotle kuhusu yaliyo nyuma ya maumbile alikisoma mara 40 mpaka akakihifadhi, na hakuelewa kinakusudia nini. Siku moja sokoni dalali alimbembeleza anunue kitabu kwa dirhamu tatu kwa kuwa mwenye nacho alikuwa na shida. Kilikuwa kitabu cha al-Farabi kinachoeleza makusudio ya kile kilichomshinda. Akakisoma, akafunguka. Kesho yake alitoa sadaka nyingi kwa maskini kumshukuru Mwenyezi Mungu. Na mara nyingi alipokwama katika suala, alitawadha, akaenda msikitini akaswali na kuomba afunguliwe.

Kisha Amiri Nuh akaugua maradhi yaliyowashinda matabibu wa kasri. Kijana akaitwa, akashirikiana nao kumtibu. Malipo aliyoyaomba ni ruhusa ya kuingia maktaba ya amiri: vyumba vingi, kila chumba na elimu yake, masanduku ya vitabu yamepangana. Alipofika miaka 18 alikuwa amemaliza kuzisoma elimu zote za wakati wake.

Maisha ya kukimbia

Baba yake alifariki Ibn Sina akiwa na umri wa miaka 22. Ufalme wa Wasamani ulikuwa umeanguka. Kuanzia hapo hakuwa na nyumba ya kudumu. Akatoka Bukhara kwenda Gurganj katika nchi ya Khwarazm, kisha akapita mji hadi mji akimtafuta mtawala wa Jurjan aliyesifika kwa kupenda wanazuoni. Kabla hajafika, mtawala yule alikamatwa na watu wake, akafia kizuizini. Msafiri akafika mahali ambapo mwenyeji wake hayupo tena.

Lakini huko Jurjan, karibu mwaka 1012, ndiko al-Juzjani alikojiunga naye, na ndiko alikoanza kuandika al-Qanun fi al-Tibb, kitabu kilichomfanya ajulikane duniani. Baadaye alikwenda Rayy, kisha Hamadan, yote katika Iran ya leo. Hamadan alimtibu mtawala Shams al-Dawla msokoto wa tumbo, akamfanya waziri wake. Askari wakamchukia. Walizunguka nyumba yake, wakapora mali yake, wakamtaka mtawala amuue. Shams al-Dawla alikataa kumuua, akamfukuza kazini ili kuwatuliza. Ibn Sina akajificha siku 40 katika nyumba ya rafiki. Msokoto wa tumbo ukamrudia mtawala, tabibu akatafutwa, akaombwa radhi, akarudishiwa uwaziri.

Miaka hiyo mchana alikuwa kazini serikalini, na usiku nyumba yake ilikuwa darasa. Mwanafunzi mmoja husoma sehemu ya al-Shifa, mwingine sehemu ya al-Qanun. Anayelalamika kwamba ratiba ya chuo imembana na aikumbuke ratiba hiyo.

Shams al-Dawla alipofariki mwaka 1021, Ibn Sina hakutaka kuendelea na uwaziri. Akajificha tena, na safari hii alijificha katika nyumba ya attari, yaani muuza manukato, viungo na dawa za mitishamba. Humo ndani, bila kitabu cha kurejea, aliandika kurasa 50 kila siku. Napenda kumfikiria tabibu huyu amezungukwa na harufu ya magunia ya mbegu na magome, vitu alivyovijua kimoja kimoja. Hata hivyo alikamatwa, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan. Alipotoka alitoroka Hamadan amevaa nguo za masufi, yeye, mdogo wake Mahmud, al-Juzjani na watumwa wawili, wakaenda Isfahan kwa Amiri Ala al-Dawla. Huko alipata miaka ya utulivu kiasi, akavikamilisha vitabu vyake vikubwa.

Tuseme ukweli wote. Falsafa yake haikukubalika kwa kila mwanazuoni. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliikosoa vikali baadhi ya mitazamo yake kuhusu mambo ya itikadi. Hayo tuwaachie wenye elimu yake. Leo tuko kwenye mlango mwingine wa kazi yake, mlango wa dawa.

Kitabu cha dawa

Al-Qanun ina vitabu vitano. Kitabu cha pili kinaeleza dawa zisizochanganywa, karibu 800, nyingi zikiwa mimea. Kitabu cha tano kinaeleza dawa za kuchanganya. Anayedhani kwamba mtu huyu angekuwa adui wa mitishamba amekosea kabisa. Mitishamba ndiyo iliyokuwa mkoba wake.

Lakini tazama alivyoiendea. Kwake kila mmea una nguvu yake. Una kiasi kinachofaa, na ukizidi unadhuru. Dawa inayomfaa mtu mmoja huenda ikamdhuru mwingine mwenye mwili tofauti. Akaweka masharti saba ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini. Dawa iwe safi, isiwe imeharibika wala kubadilishwa. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja ulio wazi, si kwa mchanganyiko wa magonjwa. Ijaribiwe kwa magonjwa yanayopingana, ili ijulikane kama imesaidia kwa tabia yake au kwa bahati. Nguvu yake ilingane na nguvu ya ugonjwa, na mtu aanze na kidogo. Muda wa kufanya kazi kwake uangaliwe. Matokeo yake yaonekane mara kwa mara, si mara moja. Na mwisho, ijaribiwe kwa binadamu, kwa kuwa inayomfaa farasi au simba si lazima imfae mtu.

Alizaliwa miaka 1,000 na zaidi iliyopita, na bado masharti hayo yakisomwa mbele ya zile meza za Ijumaa, sijui ni chupa ngapi zitabaki.

Ini katika macho ya Ibn Sina

Katika kitabu cha tatu alifuata viungo vya mwili kuanzia kichwani hadi miguuni, na ini alilipa nafasi kubwa. Yeye na matabibu wa zama zake waliamini kwamba chakula hupikwa tumboni, kisha kinapelekwa kwenye ini na hapo kinageuzwa kuwa damu. Leo tunajua kwamba damu haitengenezwi hivyo. Lakini njia aliyoieleza ipo kweli: vingi kati ya vitu tunavyokula na kunywa, vikishasagwa na kunyonywa utumboni, hupita kwenye mshipa mkubwa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini ndilo mlinzi wa mlango. Ndiyo maana dawa inayoumiza mara nyingi huliumiza ini kwanza.

Tabibu wa zama zile alikuwa na vifaa gani vya kulichunguza? Vidole vyake vya kubonyeza chini ya mbavu. Mapigo ya mshipa wa mkono. Mkojo ndani ya chupa ya kioo, rangi yake, uzito wake na harufu yake. Macho na ngozi ya mgonjwa. Na masikio yake, kumsikiliza mgonjwa akieleza alichokula na alichokunywa. Ibn Sina alikuwa hodari kwa vyote hivyo. Lakini ndani hakuwahi kuona.

Ramadhani ya mwisho

Sasa tufike kwenye ugonjwa wake mwenyewe. Al-Juzjani hakumficha mwalimu wake. Ameandika kwamba alikuwa na mwili wenye nguvu na hakuupumzisha. Wakati Ala al-Dawla alipokuwa vitani, Ibn Sina alishikwa na msokoto wa tumbo. Aliogopa jeshi likirudi nyuma yeye ataachwa njiani, kwa hiyo alitaka kupona haraka. Akajiingizia dawa kwa njia ya haja kubwa mara nane kwa siku moja. Utumbo ukapata vidonda.

Huo ulikuwa mkono wake mwenyewe. Yule aliyefundisha kwamba tuanze na kidogo, yeye kwa haraka ya safari alizidisha.

Kisha akaagiza kwenye dawa ile watiwe daniki mbili za mbegu za seleri ili kutoa gesi tumboni. Daniki ni sehemu ya sita ya dirhamu. Tabibu aliyekuwa akimhudumia akatia uzito wa dirhamu tano. Piga hesabu: hiyo ni mara 15 ya kiasi alichoagizwa. Ukali wa mbegu ukazidisha vidonda. Al-Juzjani ameandika kwamba hajui kama tabibu yule alikosea au alikusudia, kwa kuwa yeye hakuwepo. Baadaye tena, katika dawa nyingine ya mchanganyiko aliyokuwa akinywa, mmoja wa watumishi wake alitia afyuni nyingi. Hao, kwa maelezo ya al-Juzjani, walikuwa wamemwibia mali na waliogopa kuulizwa akipona.

Mbegu za seleri ni kiungo cha jikoni. Hakuna anayeziita sumu. Kilichokosekana ni kipimo, na mtu wa kusema ukweli kuhusu kilichotiwa ndani ya dawa.

Alibebwa hadi Isfahan akiwa hawezi kusimama, akajitibu mpaka akaweza kutembea, lakini hakujichunga, na ugonjwa ukawa unakwenda na kurudi. Alipofuatana na Ala al-Dawla kwenda Hamadan ulimrudia njiani. Alipofika alijua kwamba nguvu za mwili wake zimekwisha, akaacha kujitibu. Wanahistoria wanaeleza kwamba alitoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akawarudishia watu haki zao, na akawa anakhitimisha Qur'ani kila siku tatu. Alifariki mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria, yaani mwaka 1037. Kaburi lake liko Hamadan hadi leo.

Kilichoumia kwake kilikuwa utumbo, si ini. Lakini kisa ni kilekile: mmea, kipimo, haraka, na siri.

Macho ambayo hakuyapata

Wakati Ibn Sina akiandika Isfahan, mwanazuoni mwingine wa Kiislamu, Ibn al-Haytham, alikuwa Cairo akichunguza mwanga na namna jicho linavyoona. Mmoja alikuwa na elimu ya mwili, mwingine elimu ya mwanga. Ilichukua miaka zaidi ya 800 elimu hizo mbili kukutana kitandani mwa mgonjwa. Al-Qanun ilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12 na Gerard wa Cremona, ikasomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hadi karne ya 17. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale ya eksirei. Baadaye Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg na aliyefanya kazi katika hospitali moja ya Cape Town, alitafuta hesabu za kuunganisha picha nyingi za eksirei ziwe picha moja ya ndani ya mwili. Mwaka 1979 yeye na Godfrey Hounsfield wa Uingereza walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi iliyozaa mashine ya siti-skani. Na ultrasaundi, inayotumia mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, leo inapatikana hata katika hospitali nyingi za wilaya.

Vifaa hivi vinaona nini kwenye ini lililoumizwa na mmea? Tuchukue mfano kutoka ardhi ya Ibn Sina mwenyewe. Katika Asia ya Kati na Afghanistan kuna magugu ya jamii ya Heliotropium yanayoota ndani ya mashamba ya ngano. Mbegu zake zikichanganyika na ngano na kusagwa, watu hula sumu ndani ya mkate. Katika miaka ya 1970 huko Herat, kaskazini magharibi mwa Afghanistan, watu 7,200 wa vijiji vilivyoathirika walichunguzwa, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikutwa na dalili za ugonjwa wa ini. Mwaka 1992 na 1993 mlipuko kama huo ulitokea kusini mwa Tajikistan. Sumu hiyohiyo imo katika baadhi ya mimea inayotumika kama dawa. Huko China mmea uitwao tusanqi, unaonywewa kwa ajili ya maumivu na majeraha, umewaumiza wengi.

Sumu hii haiui mara moja. Ini lenyewe, katika kujaribu kuivunja, huigeuza kuwa kali zaidi. Inaharibu ngozi laini ya ndani ya vimishipa vidogo vya ini, vimishipa vinaziba, damu inaingia lakini haipati pa kutokea. Ini linavimba, maji yanajaa tumboni. Ultrasaundi huonyesha ini kubwa, maji hayo, na damu inayokwenda polepole au hata kurudi nyuma katika ule mshipa unaotoka utumboni. Siti-skani, mgonjwa akichomwa dawa ya kung'arisha picha, huonyesha ini lenye mabakamabaka, sehemu zilizopata damu na zilizokosa, na mishipa ya kutolea damu imekuwa myembamba. Daktari mzoefu akiyaona hayo pamoja, huanza kuuliza kuhusu majani.

Kuna kipimo kingine kinachopima ugumu wa ini. Kifaa hugonga mbavuni taratibu na kupima mtikisiko unavyokimbia ndani. Ini lenye makovu ni gumu, na mtikisiko hukimbia haraka zaidi. Kipimo hiki kilitumika hapa Uganda, wilayani Rakai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba waliotumia mimea ya aina fulani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na ini lenye makovu kuliko wasioitumia. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba mimea ndiyo chanzo. Lakini unatosha kutuamsha, maana wengi wa watu hao hawakujua kama wana tatizo. Ini halina kelele.

Picha haitaji jina

Sasa nifike kwenye nukta yangu. Mara nyingi ini linapoumizwa na mitishamba, picha haina alama maalumu. Huenda ultrasaundi ikaonyesha ini limevimba kidogo, au isionyeshe kitu. Faida yake kubwa basi ni kuondoa shaka nyingine: hakuna jiwe lililoziba njia ya nyongo, hakuna uvimbe wa saratani, hakuna mshipa ulioganda damu. Vipimo vya damu navyo huangalia virusi vya homa ya ini, ambavyo ni vingi katika nchi zetu. Baada ya yote kuondolewa, hubaki swali moja ambalo mashine haiwezi kulijibu: umekunywa nini?

Picha inaonyesha jeraha. Haionyeshi mkono uliojeruhi. Al-Juzjani alibaki na jeraha la mwalimu wake bila kujua ukweli wa zile dirhamu tano, kwa sababu aliyejua hakusema. Daktari wako naye anabaki hivyohivyo unapomjibu kwamba hutumii kitu. Anaweza kukupa dawa nyingine inayolielemea ini zaidi, na wewe ukirudi chumbani ukaendelea kuchemsha yaleyale majani. Na dawa ya kwanza ya ini lililoumizwa na mmea ni kuuacha mmea huo. Wengi hupona wakiwahi kuacha. Wanaochelewa wengine hawaponi.

Najua kwa nini tunanyamaza. Wengine wamekemewa na wahudumu wa afya mpaka wakaona aibu. Wengine wanahisi kwamba kuitilia shaka chupa iliyoandikwa tiba ya Kiislamu ni kuitilia shaka dini. Ndugu yangu, Uislamu hauko kwenye lebo. Ibn Sina alikuwa hafidhi wa Qur'ani, na mimea ndiyo iliyokuwa kazi yake, na bado alidai kila dawa ijaribiwe na ipimwe. Na nyinyi mnaosomea udaktari, mgonjwa akikwambieni amekunywa mitishamba msimcheke. Mkimcheka, hatawaambia tena, wala hatamwambia daktari atakayekuja baada yenu.

Kwa hiyo, ukitumia mitishamba, jua jina la mmea, andika kiasi na siku ulizotumia, usichanganye na dawa za hospitali bila kuuliza. Ukiona macho manjano, mkojo mweusi, mwili kuwasha au kichefuchefu kisichoisha, acha mara moja na uende hospitali, na uende na ile chupa mkononi. Chupa hiyo itamsaidia daktari kuielewa picha.

Tabibu mkubwa kuliko wote wa zama zake alijua uzito wa mbegu hadi daniki. Kilichomwangusha ni dozi ambayo aliyeitia hakuitaja. Mwenyezi Mungu amrehemu, atusamehe sisi na yeye, atupe elimu yenye manufaa, awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie ujasiri wa kusema ukweli hata mbele ya daktari. Aamin.